Kokoto Moja Kwenye Ndoo ya Hapana

Sijui nianze na aibu au na safari, ila kwa kuwa aibu yenyewe niliifuata kwa basi, nianze na safari. Nilitoka Lindi na cheti changu cha kidato cha nne, nikakaa Dodoma, nikauza mitumba Nyasubi pale Kahama, nikalima mpunga Ushirombo (mvua ikanifukuza), na kila nilipofika nilikuwa nakumbuka nilikotoka, mpaka nikiwa na miaka arobaini na ushee nikashukia Rwamgasa, nikapewa stoo kwenye mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu. Mashine ya kusagia tunaiita karasha, na vumbi lake linakufanya uzeeke nywele kabla ya saa ya chai.

Tajiri wetu, Baba Tausi, alirudi kutoka semina mjini Geita na jambo moja kichwani: wafanyakazi waulizwe maoni yao. Akaniita mimi niliyesoma.

"Tunga dodoso. Wakisema kinga ya vumbi haitoshi, nanunua barakoa."

Rafiki yangu Masanja, aliyekuwa akilisha mawe kwenye karasha, alikuwa anakohoa mpaka anakaa chini. Kwa hiyo haukuwa mchezo.

Nikatunga maswali yakajaa kurasa. Tajiri hata hakuyamaliza. "Fupisha, watu wana kazi." Hapo ndipo nilipojiona fundi: nikayashona yote yakawa swali moja, "Je, umeridhika na chakula na kinga ya vumbi?", na kwa kuwa hakuna ambaye angekubali kuandika jina lake, nikaweka ndoo mbili, ya Ndiyo na ya Hapana, kila mtu adondoshe kokoto yake. Niliziweka wapi? Pale ambapo lazima kila mtu apite, kwenye foleni ya chakula, mbele ya sufuria la Mama Tausi, mke wa tajiri. (Cheka tu, hata mimi nacheka.)

Nikaanza mimi ili wenzangu waone inavyofanyika. Nikadondosha Hapana, Mama Tausi akiwa amekwenda kuchukua chumvi. Aliporudi akasimama na upawa, na anayefuata alikuwa Masanja.

"Shikamoo, Mama Tausi."

"Marahaba. Haya, dondosha nikuone."

Masanja akaitazama ndoo, akaitazama nyama, akakohoa, akadondosha Ndiyo. Upawa ukazama mpaka chini ukarudi na minofu. "Wabeja, mayu," akamshukuru mama kwa Kisukuma, na nyuma yake wote wakawa Ndiyo, hata waliokuwa wakiapa asubuhi kwamba wataacha kazi.

Baada ya kula tajiri akamwaga ndoo mbele ya watu wote. Ya Ndiyo ikatoa lundo. Ya Hapana ikatoa kokoto moja, ikabiringika mpaka miguuni kwa Mama Tausi.

"Ya nani hii?"

Kiwanja kizima kikanigeukia, Masanja naye akiwemo, bado anatafuna.

"Chakula changu kina nini, mtu wa stoo?"

"Nilimaanisha vumbi, Mama Tausi."

"Kwa hiyo wali wangu una vumbi."

Watu wakacheka mpaka wengine wakaketi. Tajiri akanishika bega. "Umeona? Wameridhika. Barakoa za nini?"

Jioni Masanja akanifuata stoo. "Umeuza kifua changu, bwana."

"Si wewe uliyedondosha Ndiyo?"

"Mbele ya upawa ulitaka nidondoshe nini?"

Nikamwomba tajiri turudie: vumbi peke yake, ndoo nyuma ya stoo, zimefunikwa magunia yenye tundu, anaingia mmoja mmoja. Hapana zikajaa. Tajiri alinuna, lakini barakoa zikaja, na Masanja akaanza kupata usingizi. Mimi nikaanza kupata ukoko. Kila siku ukoko, na mchuzi wa kulowanisha kidole tu.

Nikaona sasa nimeshaanza kuikumbuka Kahama. Siku ninaondoka moja kwa moja, Mama Tausi akanifuata kituoni na mfuko wa wali.

"Nijibu kitu kimoja. Chakula changu kilikuwa na nini?"

Chumvi, jamani. Chumvi ya kukaushia samaki. Nikamtazama, nikautazama mfuko, alikuwa bado ameushikilia.

"Hakikuwa na kitu, Mama Tausi. Kitamu kabisa."

Akauachia.

Tangu siku hiyo nimeapa: nikiuliza watu, swali moja jambo moja, na mpishi awe mbali. Wali niliumaliza kabla hatujafika Geita, nikashushia na maji ya abiria wa pembeni yangu.