Kumbikumbi wa Upande wa Pili

Mwaka huu vipepeo wa kwanza niliwaona mimi. Nasema hivyo kwa sababu hakuna mwingine atakayesema.

Nilikuwa naanika nguo hapa nyumbani Sigalame, nikawaona weupe wakipita juu ya mihogo, wote wakielekea upande mmoja, ishara kwamba mvua haiko mbali. Nikaacha shati la mume wangu kwenye beseni nikakimbia kwa mama mkwe. Nikamkuta na mke mwenzangu, wanachambua maharagwe. Nikawaambia. Ati vipepeo? Mama akasema mwenzangu ameshamwambia kitambo, akanionyesha kiti nisaidie kuchambua.

Huyu mke mwenzangu si kwamba tunashiriki mume, Mungu apishe mbali. Ni mke wa mdogo wa mume wangu, na huku wake wa ndugu huitana hivyo. Yeye ni wa Namboboto, amekua shambani. Mimi nimezaliwa Malaba, kando ya foleni ya malori, na wadudu niliowajua ni nzi na mbu. Lakini mimi ndiye niliyetangulia kuolewa katika boma hili. Mimi ndiye mkubwa.

Sasa, hapa kwetu hakuna anayekula kumbikumbi wa kwanza wa mwaka kabla mama hajaonja. Yule aliyewaleta huketi karibu naye, na mama hula kutoka mkononi mwake. Jambo dogo, utasema. Basi kaa wewe kila mwaka ukitazama mkono wa mwenzako ukiliwa, halafu uniambie kama ni dogo. Yule dada tangu aolewe hajakosa kuwa wa kwanza hata mara moja. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimengoja atie maji mpaka nimechoka. Anasifiwa, na tembo lake linazidi kuwa tamu.

Mvua ya kwanza ikanyesha usiku. Asubuhi jua likatoka kali, na mwenzangu akafunga mtoto mgongoni akaenda kliniki Nangina. Nilimsindikiza kwa macho hadi alipopotelea barabarani. Haki, sijawahi kufurahia safari ya mtu namna ile.

Kichuguu chetu kiko mpakani, upande mmoja mboga zangu za sukuma, upande wa pili uwanja wake. Nilikuwa nimemwona mume wangu akikitega miaka ya nyuma, na siku hiyo hakuwepo, kwa hiyo nikafanya kama yeye. Nikasimika vijiti, nikafunika blanketi, nikaacha mwanya wa mwanga, na chini yake nikachimba shimo la kuweka sufuria. Nikanyunyiza maji. Kisha nikalaza ubao chini, nikashika fimbo mbili, nikaanza kuupiga haraka haraka ili kumbikumbi wadhani mvua imerudi.

Nilipiga. Wakatoka wawili watatu, wakatumbukia kwenye sufuria, nikapata moyo. Nikazidisha. Mabega yakawaka moto, jasho likaniingia machoni, na sufuria bado inaonyesha chini. Kule nyuma ya kichuguu kuku wa mwenzangu walikuwa wanapiga kelele na kukimbizana. Nikajisemea kuku wake hawana adabu, nikaendelea na ngoma yangu.

Hatimaye kelele zikazidi, nikainuka kwenda kuwafukuza. Nilipozunguka tu, nikamwona. Alikuwa amerudi, mtoto bado mgongoni, mfuko wa kliniki begani, amepiga magoti mbele ya shimo nisilolijua, na kumbikumbi wanabubujika hapo kama uji uliochemka. Karai lake lilikuwa limejaa.

Akainua uso, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, kwani hukuziba huku nyuma?"

Sikuziba. Sikujua kuna huku nyuma. Mume wangu huziba matundu yale mengine alfajiri kabla sijaamka, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nilikuwa nimempigia mwenzangu ngoma asubuhi nzima. Jitihada haiondoi kudura, lakini kudura nayo ingeangalia karai la nani.

Tukaenda kwa mama pamoja, yeye na karai, mimi na sufuria yangu ambayo niliificha chini ya leso niliyojitanda. Njiani nilikuwa natunga maneno. Nilitaka kusema wazi kwamba hawa ni wangu, jasho ni langu, yeye alikuta tu. Nilikuwa na haki yangu, na safari hii nilikuwa tayari kuidai.

Hakuniachia hata hilo. Tulipofika, kabla sijafungua mdomo, alimchomoa kumbikumbi mmoja mabawa, akamwambia mama, "Hawa wametolewa na dada. Mimi nimeokota tu."

Mama akanitazama, akamtazama yeye. Akaushika ule mkono wa mwenzangu, akala kumbikumbi, akatafuna taratibu. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe una roho safi. Mwingine angenyamaza."

Mimi nikaambiwa asante kwa kupiga ngoma.

Mwenzangu akanipa kiganja kizima nile. Nilikula, nifanye nini. Walikuwa wanono, watamu kuliko wote niliowahi kula tangu niolewe, na kila nilipomeza, wivu ulikuwa unazidi.