Mikebe Kumi na Moja ya Songo

Kazi ya Generose ilikuwa kuomba bantu mavi. Ndiyo, umesoma muzuri. Bengine mu Uvira waliombaka kura, baaskari ku bariere waliombaka sigara, yeye anapiga hodi, anasalimia kwa heshima yote, anauliza habari za batoto, kisha anatosha kamukebe mu sakoshi: "Mama, unisaidie kidogo." Alikuwa amesomea magonjwa ya tumbo miaka sita, namna inatoka mu maji na mu chakula, namna inaruka nyumba kwa nyumba. Bamama wa mutaa wa Songo, kwa kushukuru elimu yote ile, walimuita Mama Choo.

Mwaka ule wa 2000 vita ilikuwa imefunga barabara ya Bukavu kule Luvungi, na dawa haikupita. Mu labo ya hopitali kulibakia pipa moja tu ya klori ya kusafisha maji, na mitaa mbili ndizo zilikuwa zinahara: Songo, na ule wa karibu na bandari. Songo walikuwa wamezika batoto wane mu wiki moja. Docta Sévère, mukubwa wa Generose, hakuzungusha maneno: "Pipa hii inaweza kuokoa mutaa moja. Tukiigawanya, hatuokoi hata moja. Siku ya tano uniletee preuve, ushahidi kamili, kolera iko wapi. Kama Songo ni safi, inaenda bandari."

Siku ya tatu mikebe kumi na moja ilirudi kutoka Songo, kila moja na jina la mutoto mwenye kuhara. Docta akachungulia mu mikroskopi mupaka shingo ikamuuma. Zote safi.

"Songo haina kitu. Andika."

Generose akashika kalamu. Kisha akafungua tena mukebe moja, akatazama. Akafungua ya pili. Mutoto anahara maji toka siku ya Mungu, jumapili ile, halafu mu mukebe yake munatoka kitu nguvu kama tofali ya kuchoma? Na kwa jirani, tofali ileile. Nyumba kumi na moja, fundi moja.

"Docta, hii yote ni ya muntu moja."

"Unajua namna gani?"

"Miaka yote hii niko naangalia. Minye natambua mukono ya muntu."

Kesho yake asubuhi alikuwa kwa Pudentienne, moja wa bamama wa ile mikebe. Binti yake Délice alikuwa amelala ku mukeka, macho imeingia ndani.

"Mama Délice, ile mulinipa ni ya nani?"

"Ya mutoto, dada."

"Huyu huyu? Ama uko na mwingine mwenye kubeba mifuko ya sima ya kujenga ku bandari?"

Pudentienne akaziba kinywa na kitenge, akacheka. "Ni ya Papa Mathieu."

Papa Mathieu, muvuvi wa zamani, alijisifiaka kila siku kama hakuna mulozi wa kumuweza. Na bamama walijua hivi: kitu chenye kutoka mu mwili wa mutoto haupatie mugeni, tena na jina juu yake. Ikianguka mu mikono ya mulozi, mutoto amekwisha. Basi wakaenda kwa mwenye kifua cha kushinda ulozi. Muzee aliwatumikia siku mbili, na kila nyumba ikamulipa sahani ya maharagi.

"Nyumba mbili za mwisho nilipambana kweli," Muzee alimuambia Generose bila haya.

"Na weye Papa, hauharake?"

"Nihare na nini? Maji ni ya kuoga. Minye ni rutuku, pombe yangu kali, na chai ya moto, basi."

Generose akaandika ile mu kaye, akapiga mistari mbili chini: muntu asiyekunywa maji ya ziwa njo muzima. Lakini Docta hangetoa pipa juu ya rutuku ya Muzee. Akakusanya bamama.

"Munaogopa ibakie kwangu? Isibakie. Kila mama abebe ya mutoto wake, tuiangalie pamoja, kisha aitupe yeye mwenyewe mu choo. Jina sitaandika."

Wakatoka kumi na moja, kwa mustari, mukebe mukononi. Ku bariere muaskari akawasimamisha.

"Munaficha nini mule?"

"Fungua tu, mwana wangu," Pudentienne akajibu, sauti tamu kama asali.

Akafungua.

"Pita. Piteni wote. Mbio."

Mu labo Pudentienne alifunga jicho moja, akachungulia mu mikroskopi. "Viko vinakimbia sawa bantu wakisikia masasi," alisema, na pale hakucheka. Mikebe nane kati ya kumi na moja ilikuwa na kolera. Docta akatosha miwani ku macho, akaipangusa, akasaini.

Siku ya tano pipa ikabiringishwa mupaka kando ya ziwa, pale bantu wa Songo wanachotea maji, na Generose akaanza kutia na siringi matone mu kila bidon ya maji. Pudentienne akaonja, akakunja uso.

"Inanuka hopitali."

Akajaza bidon mbili. Kisha siku ya Mungu Délice akaomba bugali na samaki, akaangalia ile walimuletea, akasema ni kadogo.