Beji ya Shaba na Magunia ya Bunda

Siku ninayoikumbuka zaidi, mwanangu, ni ile ambayo kikosi chetu cha zimamoto cha Musoma kilipaswa kuvishwa beji. Ukiniona nimeibandika Jumapili nikienda kanisani, unacheka kwamba mzee anajiremba. Cheka tu, lakini usione vyaelea, vimeundwa.

Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya dhiki. Sabuni yenyewe ilikuwa adimu, sembuse vipuri. Gari letu lilikuwa moja, tena tulilisukuma ndipo liwake, na maji tuliyavuta ziwani. Beji za kofia zilikwisha. Sisi tulioajiriwa wakati huo tulishonewa alama kwa uzi. Biashara ilipofunguliwa na bidhaa zikarudi madukani, mji ukaagiza beji za shaba za kumbukumbu, zenye ngazi na mawimbi, kwa kila aliyevumilia miaka ile. Mimi niliitamani kuliko mshahara.

Asubuhi ya sherehe tukaitwa Bunda. Ghala la pamba lilikuwa linaungua, na huko hawakuwa na gari la zimamoto. Langoni tulimkuta mama mmoja, Nyamburi, amesimama na wanawe. Pamba yake ya msimu mzima ilikuwa humo ndani, ndiyo chakula, ndiyo ada ya shule. Hakulia. Alitutazama tu, nami niliyaogopa macho yale kuliko moto.

Kufikia adhuhuri hapakuwa na mwali wala moshi. Tukaanza kukunja mipira ya maji. Nikamwambia kiongozi wetu, Afande Marwa, mzee aliyekaribia kustaafu, "Afande, tukiondoka sasa tunaziwahi beji zetu."

Akavua glavu, akausukuma mkono mtupu katikati ya gunia lililoonekana zima. Akautoa haraka, kiganja kimebabuka.

"Beji inakimbiliaga wapi?" akaniuliza. "Pamba inaunguaga ndani kwa ndani, kama mtu mwenye kinyongo. Tukimwacha huyu mama hivi, jioni hana kitu. Pasua magunia!"

Nilinuna, sikufichi. Tukayatoa nje moja moja, tukapasua, na kweli, mengi yalikuwa na moto mwekundu katikati. Mazima tuliyaweka kando, na ya Nyamburi mengi yalipona. Ndipo alipolia.

Tuliporudi Musoma na kufika Mukendo, penye sherehe, mgeni rasmi alishaondoka na viti vilikuwa vinapakiwa. Beji zetu zilibaki kwenye kisanduku. Afande Marwa alishindwa kujibandika yake, maana mkono ulikuwa umefungwa bendeji. Nikambandika mimi. Niliona aibu na fahari kwa pamoja.

Basi mwanangu, kazi yoyote utakayoshika, iwe hilo duka lako la Nyasho au ofisi kubwa, usiondoke kwa kuwa moshi umeisha. Papasa ndani kwanza. Sifa ni tamu, hata mimi naipenda, lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu. Beji ilinisubiri, pamba ya Nyamburi isingesubiri.

Mungu akupe mkono usioogopa kuungua kidogo ili mwenzako asiungue kabisa. Nikiondoka, beji hii ni yako. Ila kabla ya kuibandika, jiulize leo umepasua gunia la nani.