Nani Anawalisha Bata wa Mama Bata?

Saa moja asubuhi, maji yanapwa na baridi inauma masikio. Mama Bata, kama majirani wanavyomwita, amechutama kwenye tope la kinamasi, darubini shingoni, akipekua kinyesi cha bata mwitu kwa kijiti.

"Unaona hii?" anauliza, akiinua ganda la njano. "Ni la hindi. Bata mwitu na mahindi wapi na wapi?"

Kwa miaka kumi na mmoja ameajiriwa kuhesabu bata wanaokuja kwenye kinamasi hiki cha pwani kila majira ya baridi. Mlo wao anaujua kuliko wa wakwe zake. Maji yakipwa, wanachuja tope kwa midomo kutafuta konokono na mbegu. Yakijaa, wanabinuka mkia juu na kung'oa majani ya chini.

Lakini wiki tatu sasa hawabinuki. Wamejazana kwenye dimbwi moja karibu na kibanda chake, mia tisa badala ya mia tatu na kitu.

Hesabu ya msimu huu ndiyo itakayoamua kama kinamasi kiachwe au kifukiwe yajengwe maghala. Ikijulikana bata walivutwa kwa chambo, daftari lake halitaaminiwa tena. "Watasema nimepika hesabu," anasema.

Basi anamshuku kila mtu: wawindaji, muuza samaki wa njiani. Hata mwandishi wa makala haya ameulizwa, uso mkavu, jana alikuwa wapi.

Ghafla anatuvuta nyuma ya kibanda. Buti zinakanyaga tope, ndoo inatua. Anachungulia. Ni mumewe, fundi baiskeli, anamwaga mahindi dimbwini.

"Baba watoto! Kumbe ni wewe?"

Mume anaishusha ndoo. "Goti lako hilo, mke wangu. Nilisema wakisogea karibu, hutaingia tena kwenye maji ya baridi kuwahesabu."

"Si ungeniuliza!" Anafuta machozi kwa mkono wenye tope. "Nimewashuku watu wote, wewe hukuwemo."

Anafungua daftari na kupiga mstari kwenye kurasa za wiki tatu. Atawaandikia wakubwa mwenyewe leo hii, awaeleze yote, kisha aanze upya. Msimu umebakiza wiki tano, na hajui kama bata watatawanyika mapema.

"Goti litauma," anasema. "Liume tu. Kesho maji yakipwa naingia tena, na huyu atanishika mkono mpaka katikati."