Kuku Asiyepiga Kelele

Nikinunua kuku sokoni Kamina, mchuuzi hunikabidhi akiwa amemshika miguu, kichwa chini, mabawa yakipiga hewa. Mimi humgeuza kichwa juu, nikampitishia mkono chini ya kifua na kumbeba kama mtoto aliyebatizwa juzi. Wachuuzi hucheka. "Profesa, shika miguu! Ile haiko kitabu!" Njiani kuku hunichafulia shati, na majirani hutoka nje kuangalia msomi wao anavyorudi nyumbani.

Ufundi huo sikuupata chuo kikuu, ambako nilipata mambo mengine mengi, pamoja na miwani. Niliuona kwa dada yangu, ambaye nyumbani tulimwita Yaya, kama watu wa kwetu wanavyomwita yeyote aliyewatangulia kuzaliwa. Kwangu ufundi huo umebaki nusu: mimi najua namna ya kumshika kuku, ila kuku hawajui kwamba najua.

Miaka ya hamsini ilipoanza tulikuwa tunaishi katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Nyumba za matofali zilikaa safu kwa safu, kila moja na uwanja wake nyuma, na masizi ya magari moshi yakishuka juu ya kila nguo iliyoanikwa. Tata, yaani baba yetu, alikuwa fundi wa breki. Mama alifuga kuku kama akina mama wote wa kambi. Kisha kideri kikapita. Asiyekijua ugonjwa huo na anielewe hivi: asubuhi kuku anasimama peke yake, mabawa yamelegea, shingo imezama, macho yamefumba. Ukimwinua hapigi kelele. Jioni unamzika. Katika banda letu kilibaki kifaranga kimoja cha madoadoa, na hakuna aliyejua kwa nini hicho.

Yaya alikichukua. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye subira ambayo mimi nilidhani ni uvivu. Jioni, kazi zikiisha, alikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, akaweka mkono chini, kiganja juu, na punje chache za mahindi yaliyopondwa. Akangoja. Hakukiita, hakukifuata. Kifaranga kilizunguka, kikakimbia, kikarudi. Siku nyingi mkono ulibaki pale mpaka ukafa ganzi. Nilimwuliza anamwomba nani sadaka. Akasema: "Nyamaza. Unamuogopesha."

Aliniambia siri yake baadaye, bila kuifanya siri. Mwewe hutoka juu, alisema, kwa hiyo mkono unaotoka juu ni mwewe hata kama una mahindi. Njoo kutoka chini, kutoka ubavuni. Usimkamate, mpe mahali pa kusimama. Akitaka kushuka, mwache ashuke, ndipo atakapopanda tena kesho. Msimu wa kumbikumbi ulipofika, alikuwa anawaokota chini ya taa za stesheni na kumletea mmoja mmoja. Alipokuwa mtetea, kuku yule alimfuata Yaya bombani na kurudi, na alipoinuliwa alikunja miguu, akaegemeza kifua kwenye mkono wake na kufumba macho kwa raha.

Kumbuka hayo macho.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyefanya kazi ya kutia mafuta magurudumu ya mabehewa. Alikuwa anapita nyuma ya ua wetu mara nyingi kuliko njia yake ilivyohitaji. Yeye peke yake, mbali na sisi wa nyumbani, aliwahi kumshika kuku yule. Yaya alimwonyesha juu ya ua: si hivyo, toka chini. Nilimwona kijana, mikono myeusi kwa grisi, anajifunza kungoja. Siwezi kusema walizungumza mapenzi, kwa maana walizungumza kuku tu. Lakini Yaya, ambaye hakuwahi kuomba kitu nyumbani, alimwambia Mama kwamba akija mwingine, atakataa. Mama akamwambia Tata. Tata akapiga mluzi siku nzima, jambo alilolifanya akiwa na furaha tu.

Baba wa kijana alikuwa amefariki, hivyo aliyekuja kutuona ni baba yake mkubwa, kutoka vijiji vya upande wa Kaniama. Alishuka kwenye gari moshi na wenzake wawili, amevaa koti jeusi katika jua la saa nane. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, kutoka shule ya mapadri, na nilikuwa nimejaa Kilatini hadi masikioni.

Kwetu, mgeni wa namna hiyo hapewi kuku kwenye sahani kwanza. Anapewa akiwa hai. Mwenye nyumba anamleta kwa mikono miwili, mgeni anamshika, anampima uzito mbele ya watu, na kuku anapiga kelele na kupapatika mpaka manyoya yanaruka. Watu wanapiga makofi. Ndipo anachinjwa, au anafungwa miguu mgeni aende naye. Kelele zile ndizo zinazosema: tumekupa uhai wenyewe, si mabaki.

Mama alikuwa amekwisha kununua jogoo. Ni Yaya aliyekataa. Alisema kwamba jogoo wa kununua ni wa mtu mwingine. Wakwe wake anawapa chake. Mama akamwangalia. "Ule? Wako?" Yaya akaitikia kwa kichwa, akaenda nyuma ya jiko. Alikuwa anatoa kitu alichokipenda ili apate kitu alichokipenda zaidi, na nadhani alipiga hesabu hiyo peke yake, akaiona ni sawa.

Alimleta mwenyewe, amepiga magoti, kichwa kimeinama, kuku juu ya viganja. Mzee akampokea. Akamwinua. Sisi tukaandaa mikono ya makofi.

Kuku akakunja miguu. Akaegemea kifua cha lile koti jeusi. Akafumba macho.

Mzee akamtikisa kidogo. Kuku akafumbua jicho moja, akalifumba tena.

"Ile kuku iko na ugonjwa," mzee akasema, polepole.

"Hapana, Tata Mukubwa," Mama akasema. "Iko muzima kabisa."

"Kuku ya muzima inalalaka mu mikono ya muntu? Kwetu kideri kilimaliza kijiji. Zote zilifumbaka macho vile vile. Munataka nifikishe kifo kwetu mu mukono yangu?"

Akamweka chini. Kuku mwingine yeyote angeruka ua. Huyu alisimama mbele ya viatu vya mzee, akainua kichwa, akangoja mahindi.

Hapo Yaya alifanya kitu pekee ambacho mtu anayesema kweli angekifanya. Aliweka mkono chini, kiganja juu, na kuku akatembea moja kwa moja akapanda. Yaya akasimama naye. "Ona, Tata Mukubwa. Haiko mugonjwa. Ilinizoea tu. Nilimufundisha."

Mzee alirudi nyuma hatua moja.

"Ulimufundisha na nini?"

"Na mahindi tu, Tata."

"Mahindi!" Aliwageukia wawili waliokuja naye. "Munasikia? Mahindi. Minyi nalishaka kuku mahindi tangu kuzaliwa, hakuna hata moja ilinipanda." Kisha akamwambia baba yetu, bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi: "Mwenzangu, kama huyu mutoto alifanya kuku vile, mutoto yetu atamufanya namna gani?"

Mmoja wa wale wawili alicheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka.

Mimi nikaona wakati wa elimu umefika. Nikasimama, nikaanza kueleza kwamba wanyama wote wanaweza kuzoeshwa, kwamba ni suala la mazoea, la habitide, na kwamba Warumi wa kale, nafikiri nilifika mpaka kwa Warumi, walifuga kuku watakatifu. Mama akanivuta kaptula. Mzee akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu kubwa.

"Na weye njo nani?"

"Njo mudogo wake," Tata akajibu, amechoka.

"Aa. Kumbe nyumba muzima."

Walikula ugali na mboga. Jogoo wa kununua alipoletwa, akipiga kelele vizuri sana, mzee alisema asante, ameshiba. Tata alisema mambo yote ambayo mwanamume anaweza kusema. Alisema majirani waulizwe, kama kuna mtu aliyewahi kuugua kwa ajili ya nyumba yetu. Mzee alikubali kwamba inawezekana kabisa hakuna dawa yoyote ya uchawi. Lakini hawezi kurudi kwa mama wa kijana na neno "inawezekana". Alipanda gari moshi jioni ile, na simlaumu kama nilivyomlaumu zamani. Alikuwa amezika kuku wengi, na mtoto wa ndugu yake alikuwa mmoja.

Kijana alikuja mara moja zaidi, akasimama nje ya ua.

"Minyi najua iko mahindi tu," akasema.

"Sasa?" Yaya akauliza.

"Minyi niko mutoto wao."

Yaya akasema, "Ndiyo." Muda mfupi baadaye kijana aliomba kuhamishwa, na walimhamishia stesheni ya mbali.

Nilibaki siku chache kabla ya shule kufunguliwa, na katika siku hizo nikamwona Yaya anafanya kazi mpya. Jioni alikaa kwenye kigoda kile kile. Kuku alipomkaribia alimtupia gunzi la mahindi. Hakumlenga sana. Kuku aliruka kando, kisha akalikimbilia gunzi kuona kama limebakiwa na punje, halafu akarudi. Yaya akatupa tena. Kuku akalichunguza na hilo. Nikacheka, maana kwa kweli ilichekesha, mpaka nilipouona uso wa dada yangu.

"Yaya, unafanya nini?"

"Ninamurudisha akuwe kuku."

Nilirudi shuleni. Mama aliniambia baadaye kwamba kumfundisha kuku woga kulichukua muda mrefu kuliko kumfundisha kuzoea. Yaya alijifunza kutoa mkono juu, kama mwewe. Alijifunza kumfukuza kwa fagio, kumshika miguu, kumwinua kichwa chini. Hakumpiga hata siku moja. Alikuwa anaondoa tu, kidogo kidogo, kile alichokiweka, hadi siku kuku alipoona kivuli chake na kukimbilia uvunguni mwa ghala.

Likizo iliyofuata walikuja wakwe wengine. Mchumba safari hii alikuwa msimamizi wa bohari, mjane, mtu mzima mwenye maneno machache, na niseme mapema kwamba aliishi na dada yangu kwa wema mpaka alipokufa. Sina neno juu yake. Mama alitaka kununua jogoo. Yaya akasema hapana, yupo kuku.

Alimleta mwenyewe, amemshika mabawa. Mgeni alipompokea, kuku wa madoadoa alipiga kelele ambazo zilisikika hadi stesheni. Alipapatika, akakwaruza, manyoya yakaruka juu ya meza na juu ya vichwa vyetu. Wageni wakafurahi kupita kiasi. "Hii njo kuku!" walisema. "Hii iko na nguvu!" Tukapiga makofi sote, mimi pia, kwa bidii.

Yaya alikuwa amepiga magoti, anatazama chini. Wakwe walinong'onezana kwamba binti huyu ana haya, kama inavyompasa bibi harusi. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya paja, kiganja juu, na hakukuwa na kitu ndani yake.