Karatasi Yenye Muhuri Kwenye Kisima cha Moraa

Kuku wa dadangu walikufa kumi na mmoja kwa wiki moja. Wote walikutwa pale pale, kando ya kisima.

Aliponipigia simu kuniambia, nilisema ni kideri. Laiti ningeshtuka siku ile.

Naitwa Nyamongo, karani katika ofisi moja ya maji hapa Homa Bay. Wapimaji wakileta matokeo ya visima, vya huku na vya Migori, mimi ndiye huandika matangazo. Bosi anakipenda sana Kiingereza changu. Nami, acha niseme ukweli, nilikuwa najisikia.

Dadangu Moraa ameolewa upande wa Migori, karibu na machimbo ya dhahabu. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza zilitoka, hii ndiyo ilikuwa imekaa.

Jumapili moja nikaenda kumwona. Amekonda! Vidole vinatetemeka hadi chai ikamwagika mezani.

"Moraa, unaumwa?"

"Ni mimba tu. Kunywa chai, wacha maswali ya polisi."

Nikanywa. Nikaongeza kikombe cha pili.

"Maji mnachota wapi siku hizi?"

"Kwa kisima. Mtoni tuliacha. Serikali ilipima kisima ikapitisha."

"Ilipitisha lini?"

"Mwezi wa kwanza, shemeji," akadakia Omondi, mumewe. "Walibandika karatasi, iko na muhuri. Sasa kijiji yote inachota hapo. Kuja uone."

Huku kwetu, hoteli ikipita ukaguzi huning'iniza cheti chenye muhuri ukutani. Nyama iliyokaguliwa hugongwa muhuri. Nani angefikiria karatasi ya kisima ni tofauti?

Tukafika. Kina mama wamepanga mitungi. Kuku mwingine amelala kando ya bomba, mabawa wazi, na hakuna aliyemjali.

Karatasi ilikuwa ndani ya plastiki. Omondi mwenyewe aliifunika isilowe mvua.

Nikasoma mstari wa kwanza.

Wa pili sikuhitaji kuusoma. Nilikuwa naujua kwa kichwa.

Tangazo lile niliandika mimi.

Mistari kumi na minane ya Kiingereza kizito, na sumu haikutajwa hata mara moja. Nilikuwa nimeandika habari za viwango kuzidi ukomo unaoruhusiwa, na umma kushauriwa kujiepusha na matumizi husika. Jina la kijiji pia halikuwepo. Ofisini kisima ni namba tu. Hiki kilikuwa 0147, na sikuwahi kuuliza 0147 ni kwa nani.

"Mwageni!" nikapiga kelele. "Hayo maji yana sumu!"

Mama mmoja akacheka. "Huyu amelewa mchana yote hii?"

Nikaupiga teke mtungi wake. Hapo ndipo kicheko kikakatika.

Tukamkimbiza Moraa hospitali. Njiani nikamwambia Omondi kwamba karatasi ile niliandika mimi. Mtoto alizaliwa Jumanne, msichana. Hakulia.

Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni maji. Sikumuuliza tena. Niliogopa angeapa.

Siku ya tatu Moraa akaniita kando ya kitanda.

"Omondi ameniambia ni wewe uliandika."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ungejua ni mimi nakunywa, ungeandika aje?"

"Ningeandika, msinywe haya maji, yana sumu."

Akahesabu kwa vidole vyake vinavyotetemeka, kisha akageukia ukuta.

"Maneno matano, Nyamongo."

Hajanisemesha tangu siku hiyo, na simlaumu.

Wewe unayeandikia wananchi karatasi za serikali, kabla hujagonga muhuri, toka nje umsomee mama anayeuza omena karibu na geti lenu. Asipoelewa, rudi ndani uandike upya. Mimi sikutoka nje, na sasa kuna kaburi dogo nyuma ya nyumba ya dadangu.