Rimu Tatu za Kijani

Jarida langu la kompyuta lilikuwa na kurasa kumi na mbili, pini mbili za stepla, na wasomaji ambao kila mmoja aliamini anajua kompyuta kuliko mhariri. Nililichapa katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, Likombe, kwa printa kuukuu ambayo ofisi moja iliitupa ilipopata mpya. Niliandika mambo ya hapa kwetu: namna ya kumtoa mjusi aliyeungulia ndani ya kompyuta, namna hewa ya chumvi inavyokula vichwa vya nyaya, namna ya kuifufua mashine ambayo fundi wa mjini ameshaitangazia msiba. Hakuna aliyeniomba niandike. Nilipenda tu, na mimi nikipenda kitu huwa sisikii la mtu.

Ikafika siku karatasi zikaniishia. Katika ukurasa wa mwisho nikatangaza, kwa herufi kubwa, kwamba toleo lijalo halitatoka mpaka wasomaji walete karatasi. Fedha sikuomba. Wasomaji wangu nawajua: ukiwaomba fedha, wanakuombea dua.

Wa kwanza kuja, na wa mwisho, alikuwa mwalimu mmoja wa kike anayefundisha kompyuta katika sekondari iliyo upande wa Madimba. Gesi inayosafishwa Madimba inasafiri ndani ya bomba mpaka Dar es Salaam, lakini darasa la Mwalimu lina kompyuta moja, na hiyo huwaka ikijisikia. Kwa hiyo alikuwa akilichana jarida langu na kugawa kurasa zake madawatini. Alishuka kwenye bodaboda na rimu tatu za karatasi zilizofungwa kwa khanga, akaziweka mezani.

"Dukani nimekuta kijani tu, Mhariri. Sijui kama zitafaa."

"Mwalimu, hata zingekuwa za zambarau."

"Mimi nataka lile somo la majedwali ya kompyuta ulilotangaza, kabla shule hazijafungwa. Wanafunzi wangu jedwali wanaliona ubaoni tu, nikilichora kwa chaki. Nimeshawaambia linakuja."

Nikamwahidi. Nilimwahidi nikiwa nimeshika rimu mkononi, kama mtu anayeapa.

Jioni hiyohiyo akanipitia msomaji wangu wa siku nyingi, mtu wa Mikindani, wakala wa forodha pale bandarini. Sifa yake kubwa mjini si forodha. Ni kwamba hakuna harusi ya maana iliyofanyika bila yeye kuwa mwenyekiti wa kamati. Alizitazama zile rimu kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari.

"Ndugu yangu, jambo la watu haliendeshwi hivi. Mtu anakuletea kifurushi, kama anapeleka uji hospitali? Wallahi utajitia aibu. Tuunde kamati."

Ningekataa. Nilikuwa na karatasi, nilikuwa na somo, kilichobaki ni kubonyeza kitufe. Lakini alikuwa ameniita Mheshimiwa Mhariri, na akaongeza kwamba siku ya shughuli ya kulichangia jarida nitakaa meza kuu. Sijawahi kukaa meza kuu maisha yangu yote. Nikasema sawa, naye akawa Mwenyekiti.

Kwetu kamati ina njia moja tu, liwe jambo ni harusi, kipaimara au jarida la kompyuta. Kwanza vikao, kisha kadi za mchango ambazo mtu hujaza ahadi yake, kisha ukumbi na keki, na mwisho kabisa sherehe ya kuivunja kamati, ambayo ni ya wanakamati wenyewe kujipongeza. Tulifanya vikao vitano, vyote kwangu. Tulijadili rangi ya vitambaa vya ukumbini. Tulibishana kama keki iwe na umbo la kompyuta ya mezani au ya mapajani. Suala la kuchapa jarida lilikuwa chini ya "Mengineyo", na hatukuwahi kufika kwenye Mengineyo kwa sababu soda zilikuwa zinaletwa kabla.

Kikao cha tatu ndicho ninachokionea haya. Mwenyekiti aliuliza kadi za mchango zichapwe wapi.

"Si Mheshimiwa Mhariri ana printa?" akajijibu mwenyewe. "Na karatasi zile pale. Tena za rangi! Kadi nzuri huwa na rangi."

Wanakamati wakapiga makofi. Nami, mpumbavu mkubwa, nikainama kushukuru. Nilizichapa mwenyewe, kwa mkono wangu, kadi mbili katika kila karatasi, rimu baada ya rimu, maana Mwenyekiti alisema kadi zikipungua ni aibu. Nyingi hata hatukuwahi kuzikata.

Wiki mbili baadaye Mwalimu alisimama tena mlangoni. Mkononi alikuwa na kadi ya kijani. Kamati ilikuwa imemtumia, kwa heshima na taadhima, kumwomba mchango wake.

Hakupiga kelele. Aliigeuza kadi huku na huku, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Hii karatasi naijua," alisema.

Nilitamani anitukane, ingenipunguzia. Akaomba kalamu, akaijaza kadi pale pale juu ya meza yangu, akanipa. Palipoandikwa "Ahadi yangu" aliandika: Rimu tatu. Nimeshatoa.

Kisha akauliza, kwa sauti ileile anayomuulizia mwanafunzi daftari, "Zilizobaki ziko wapi?"

Nikamwonyesha lile rundo lisilokatwa. Akachukua karatasi ya juu na kuigeuza.

"Upande huu uko wazi. Washa printa."

Tulichapa mpaka wino ukawa unakohoa. Yeye alipanga kurasa, mimi nikapiga stepla, na kila alipofungua ukurasa wa majedwali, upande wa pili wa karatasi kamati ilikuwa ikimwomba mchango mara mbili. Aliondoka na furushi lake ndani ya khanga ileile. Shule zilikuwa zinafungwa keshokutwa.

Bado naokota vipande vya karatasi sakafuni, Mwenyekiti akanipigia simu.

"Mheshimiwa, kadi zilizorudi zimejazwa ni ngapi?"

"Moja."

"Moja? Ya nani?"

"Ya yule mwalimu."

"Ameahidi nini?"

Nikamsomea. Nikamsikia akivuta kiti, na kwa mara ya kwanza nikadhani ameelewa.

"Basi huyo amejitahidi," alisema. "Mchapie kadi ya mwaliko. Mchapie dabo, aje na mwenzake."

Nikamwambia karatasi zimekwisha.